Kiganja Kilichoanguka: Tabibu Anajuaje Neva Imeumia Wapi?

Masika ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na Makambako haikosi mtu aliyelala kilabuni mkono ukining'inia nyuma ya egemeo la benchi. Anaamka kiganja kimelegea, hakiinuki, vidole havinyooki. Nyumbani watasema kiharusi, au karogwa. Dereva wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu kwenye barabara ya Songea anaweza kufika na kiganja cha namna hiyohiyo. Kituo hakina mashine ya kupima umeme wa neva. Tabibu anabaki na macho, vidole vyake na kipande cha pamba.

Wengi huanza kwa kuorodhesha kilichokufa. Naona ni haraka zaidi kutafuta kilichosalia. Neva hutoa matawi njiani: lililotoka kabla ya jeraha huendelea kufanya kazi, la baada ya jeraha huzimika. Neva ya radiali, inayoinua kiganja, hutoa mapema matawi ya msuli unaonyoosha kiwiko, kisha huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ikiwa imeugusa. Basi mgonjwa akinyoosha kiwiko kwa nguvu ilhali kiganja kimeanguka, jeraha liko kwenye mzunguko huo. Kiwiko nacho kikigoma, panda hadi kwapani, ambako hata magongo marefu kupita kiasi huibana.

Mchuma chai wa Njombe anayeamshwa usiku na ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, lakini ngozi ya katikati ya kiganja inahisi vizuri, amebanwa neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono. Tawi la ngozi ile hupita juu ya mfereji wa kifundo, si ndani yake. Kwa neva ya alna, inayolisha kidole cha mwisho, geuza mkono. Mgongo wa kiganja upande huo ukihisi, tafuta jeraha kifundoni. Usipohisi, tafuta kiwikoni. Kisha mpe karatasi aibane kwa gumba na shahada, kipimo alichokieleza Mfaransa Jules Froment mwaka 1915. Alna ikiwa imelala, ncha ya gumba hujikunja, maana msuli wa mediani umeingia kusaidia.

Njombe ina mtego wake: baridi ya Juni na Julai hutia ganzi hata vidole vizima. Pasha mkono joto kwanza, kwa viganja vyako, kamwe si juu ya jiko la mkaa. Ngozi isiyohisi huungua mwenyewe asijue.

Neva zote zikizimika pamoja, tazama jicho. Aliyeanguka mtini akadaka tawi huweza kuchana mizizi ya chini ya shingo. Kope ikilegea na mboni ikasinyaa upande uleule, huenda mzizi umeng'oka karibu kabisa na uti wa mgongo. Huyo apewe rufaa mapema, kungoja hakumsaidii.

Mtu wa ulanzi kwa kawaida hupona baada ya wiki kadhaa. Neva iliyokatika na kuungwa huchipua takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa bila neva mwaka 1 na nusu mara nyingi haurudi tena. Kwa hiyo pima na uandike kwenye faili kabla ya kufunga hogo. Likishafungwa, hakuna atakayeweza kusema kama neva iliumia barabarani au mezani, mfupa ulipokuwa ukivutwa.