"Kothbiro" ya Ayub Ogada: Wito wa Malishoni au Ombolezo?

Ayub Ogada (1956–2019), mwimbaji na mpigaji nyatiti aliyezaliwa Mombasa, anajulikana ulimwenguni hasa kwa wimbo "Kothbiro", uliomo katika albamu yake *En Mana Kuoyo* (1993). Tangu utumiwe katika filamu *The Constant Gardener* (2005), inayosimulia habari za mume anayetafuta ukweli kuhusu kifo cha mkewe, wasikilizaji wengi wasiojua Dholuo wameuchukua kuwa ni ombolezo. Makala haya yanadai kwamba fasiri hiyo ina msingi, ila msingi wenyewe haumo katika maneno ya wimbo.

Jina la wimbo lina maana ya "mvua inakuja". Maudhui yake ni agizo la nyumbani: watoto warudishe ng'ombe kabla mvua haijanyesha. Kwa msikilizaji wa Migori au Homa Bay, hii si jazanda ya kufumbuliwa. Mto Kuja unapofurika huko Nyatike, kuchelewa malishoni ni hatari kwa mifugo na kwa mchungaji mwenyewe. Hata takriri ina kazi yake, kwani sauti inayovuka malisho haina budi kurudiwa ndipo isikike. Analolisikia mgeni kuwa ni kilio, mwenyeji hulitambua kuwa ni wito.

Huzuni basi yatoka wapi? Yatoka katika ala. Nyatiti, yenye nyuzi 8, imezoeleka mno matangani, na mkono wa mpigaji hubeba kumbukumbu hiyo hata anapoimba mambo mengine. Isitoshe, katika desturi ya Wajaluo iitwayo *tero buru*, wanaume huswaga ng'ombe hadi nyikani ili kukifukuza kifo. Mifugo ile ile ambayo wimbo unairudisha zizini, matanga huitoa. Msikilizaji aliyelelewa katika utamaduni huu husikia mambo yote mawili kwa pamoja.

Kwa hiyo, filamu haikukosea kusikia matanga. Kasoro ni kwamba hadhira yake ilibakiwa na ala bila maneno, ikapata majonzi na kukosa hofu ya mzazi anayelitazama wingu huku mwanawe angali mbali. Hofu hiyo ya kila siku ndiyo nguvu ya utunzi huu. Anayeufundisha wimbo huu hana budi kuanzia kwenye maneno, kisha ndipo aifikie nyatiti.