Ilimba Haikupotoka

Pigeni ilimba ya Wagogo, ile ala ya vijiti vya chuma, sambamba na kinanda cha umeme, na mtu aliyelelewa katika kwaya ya kanisa atawaambia ilimba imepotoka. Mi yake iko chini kidogo, na ile sauti iliyo kati ya la na ti iko chini zaidi. Mimi nasema kilichopotoka ni kinanda, na hesabu inanishuhudia.

Wataalamu wa sauti huigawa oktava katika senti 1,200. Kinanda huikata vipande 12 vilivyo sawa, senti 100 kila kimoja. Mgawanyo huo ni wa haki, ila umeiacha kila sauti na upungufu wake. Uzi unapotetemeka hutoa sauti nyingi kwa mpigo mmoja: ya uzi mzima, ya nusu, ya theluthi, ya robo, na kuendelea. Ya 4, ya 5 na ya 6 katika safu hiyo ndizo do, mi, so, na kutoka do hadi mi hii ya asili ni senti 386. Kinanda kimeweka 400. Tofauti ya senti 14 ni ndogo? Chukua do inayotetemeka mara 400 kwa sekunde. Mi ya asili itatetemeka mara 500. Ya kinanda, karibu 504. Sauti za juu za do na mi, ambazo zingekutana kwenye 2,000, sasa zinapishana, na sikio linapokea mpapatiko wa mara 16 hivi kila sekunde. Tumeuzoea mpaka tukadhani ndio utamu wenyewe.

Wagogo wa Dodoma hawakuuzoea. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, alieleza kuwa ngazi yao ya sauti inafuata safu hiyo ya asili, hadi sauti ya 9 au ya 10. Ndani yake imo ya 7, ile iliyo kati ya la na ti, senti 31 chini ya ile ya kinanda. Waimbaji wakizishika ya 4, 5, 6 na 7 kwa pamoja, zinasukana kama miyaa ya ukili, hata usijue ipi imeanzia wapi.

Sasa mtazame fundi anayelinganisha ilimba. Kijiti cha chuma akikisukuma ndani ya daraja linalokibana, sauti inapanda; akikivuta nje, inashuka. Kwa kusema ni rahisi. Lakini chuma kilichobanwa upande mmoja hakitetemeki kama uzi: sauti zake za juu hazifuati safu ile hata kidogo. Kwa hiyo fundi hawezi kuzitegemea sauti za juu za vyuma zimwambie kama vimepatana. Huviuliza koo na sikio, yaani uimbaji aliokulia ndani yake. (Ndiyo maana ilimba mbili hazilingani senti kwa senti, na hakuna anayelalamika.) Tena baadhi ya vijiti havipigwi kabisa, hutetemeka vyenyewe jirani yao anapoguswa. Huo ndio mtihani wa fundi, kwani kijiti kilicholinganishwa vibaya hunyamaza.

Hukwe Zawose, aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1938 na kufundisha Bagamoyo, alipiga ilimba kubwa zenye makumi ya vijiti katika majukwaa ya Ulaya hadi karibu na kifo chake mwaka 2003. Wasikilizaji wa huko, waliokulia kwenye piano, hawakumwomba azilinganishe upya.

Sikidharau kinanda. Kwa kukubali upungufu kidogo kila mahali, kimepata uwezo wa kuanzisha wimbo uleule kwenye ufunguo wowote, jambo ambalo ilimba haiwezi. Ni biashara halali, mradi tusiigeuze kuwa sheria ya masikio yote. Basi nawaomba walimu wa kwaya: mnapofundisha wimbo wa Kigogo, zimeni kinanda kwanza, muwaache waimbaji waitafute mi yao wenyewe.