Kukonda kwa Hiari

Kwetu huku kando ya Ziwa Victoria, mtu akirudi kutoka safarini hutazamwa mashavu kwanza, ndipo aulizwe habari za atokako. Akiwa amenenepa, wenyeji hufurahi na kusema kwamba huko alikokuwa amekaa vizuri. Akiwa amekonda, sauti hushuka, naye huvutwa kando na kuulizwa, "Mwenzetu, una nini?"

Dada yangu, mkazi wa Mwanza kwa zaidi ya miaka 40 na muuza dagaa, aliulizwa swali hilo la pili kwa miezi mingi. Hakuwa anaumwa kuliko zamani. Alikuwa anapungua kwa agizo la daktari. Sukari yake ilikuwa imepanda, shinikizo la damu nalo lilikuwa juu, na katika zahanati moja aliambiwa apunguze kilo 15. Namna ya kuzipunguza hakuelezwa. Alitoka na bahasha ya vidonge na maneno mawili tu: "Jitahidi, mama."

Basi akajitahidi. Kila aliyesikia habari zake alimpa njia, naye akaziandika zote katika daftari la shule la mjukuu wake. Nimelisoma daftari lile kuanzia jalada hadi jalada, na naomba nilihakiki hapa kama kinavyohakikiwa kitabu. Naamini madaftari ya namna hiyo, yawe ya karatasi au ya kwenye simu, ni mengi majumbani mwetu, na husomwa kwa imani kuliko vitabu vingi vilivyopigwa chapa.

Ukurasa wa kwanza una maji ya moto na ndimu, glasi moja kila alfajiri. Ndimu ni tunda jema, lakini haiyeyushi mafuta ya mwilini kama sabuni inavyoyatoa mafuta ya sufuria. Mtu akipungua kwa njia hii, kilichomsaidia ni kuacha ile chai ya vijiko vitatu vya sukari, na maandazi yake, ambayo glasi ya ndimu imechukua nafasi yake.

Ukurasa wa pili una chai ya kukondesha, ya pakiti. Hapa uhakiki hauna budi kuwa mkali. Kazi ya nyingi kati ya chai hizo ni kuharisha. Mizani hushuka kwa sababu maji yametoka mwilini, na maji yakirudi, mizani nayo hurudi. Baadhi ya bidhaa za namna hii zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayekunywa kitu kama hicho akidhani ni majani matupu, ametegewa mtego na mtu asiyemjua. Dada yangu alikunywa chai hiyo siku 4 akaacha. Hakuacha kwa kuelimishwa. Choo chao kiko nje, na masika yalikuwa yameanza.

Ukurasa wa tatu ndio wenye heshima kubwa: kuacha wanga. Ugali usile, wali usile, viazi na ndizi usiguse. Kula samaki, nyama, mayai na mboga. Aliyempa njia hiyo alimwambia kuwa ni ugunduzi mpya. La hasha! Mwaka 1863 huko London, mzee mmoja aitwaye William Banting, ambaye ukoo wake ulifanya kazi ya kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza alivyopunguza zaidi ya kilo 20 kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Ushauri huo alipewa na daktari wa masikio, aliyemwendea kwa sababu alikuwa hasikii vizuri. Kijitabu kilivuma hata jina lake likawa kitenzi. Mpaka leo Waswidi husema "banta" wakimaanisha kula kwa kujinyima ili kupungua. Mwaka 1972 daktari Robert Atkins wa Marekani aliifufua njia hiyo kwa kitabu kingine. Hata ukurasa wa nne wa daftari, wa kuhesabu kalori, una bibi yake: Lulu Hunt Peters, daktari wa Kimarekani aliyewafundisha wasomaji hesabu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1918. Na ukurasa wa tano, wa kufunga, hauhitaji kutafutiwa asili. Misikiti na makanisa yetu yanaijua funga tangu zamani, ingawa nia yake ilikuwa nyingine.

Wafuasi wa kurasa hizi hugombana kama mashabiki wa mpira. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza mafuta na nusu wakipunguza wanga. Kundi moja lilipungua kwa wastani wa kilo 5 na ushei, jingine kilo 6, tofauti ambayo kitaalamu haikuwa na uzito. Ndani ya kila kundi walikuwepo waliopungua sana na walioongezeka. Kwa hiyo anayeapa kwamba njia yake ndiyo njia, huenda anasema kweli kuhusu mwili wake mwenyewe, lakini kuhusu mwili wa jirani anabahatisha.

Kosa la pili la daftari ni kudhani kwamba mwili ni gunia, ukitoa debe moja limepungua debe moja. Mwili hujitetea. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapa chakula pungufu vijana 36 waliojitolea, kwa majuma 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanyonge na wenye hasira, wakaota na kuzungumza chakula mchana na usiku. Mwaka 2016 wakatangazwa washindani 14 wa mchezo wa televisheni wa kupunguza uzito huko Marekani: miaka 6 baada ya mchezo wengi wao walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Daftari halina neno juu ya haya. Aliyerudisha uzito huhesabiwa kuwa mlafi, naye huamini hivyo.

Hata hivyo, hayo yote ni makosa ambayo daftari hili linayo popote duniani. Kosa lake kubwa ni la hapa kwetu: limeandikwa kana kwamba mwili wa mtu wa ziwani hauna kumbukumbu.

Ndugu msomaji, mwaka 1983 ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa, mkoani Kagera. Mwaka 1985 madaktari waliochunguza wagonjwa wa Rakai, ng'ambo ya mpaka, waliandika juu ya maradhi ambayo wananchi wa Uganda walikuwa wamekwisha kuyapa jina: Slim, maana yake mwembamba. Kagera waliyaita Juliana, jina la nguo za fahari zilizokuwa zikivushwa mpakani. Meli ya kutoka Bukoba ilitia nanga Mwanza asubuhi. Habari zilifika, wagonjwa wakafika, kisha misiba ikafika. Katika miaka ile tulijifunza kusoma miili ya watu. Tulitazama mfupa wa bega na mkanda wa suruali ulioongezwa tundu. Mchumba aliyekonda alitazamwa mara mbili, na unene ukawa cheti kisichohitaji mhuri.

Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa na serikali bila malipo, na watu waliokuwa wakibebwa wakaota nyama upya. Kliniki zikapima uzito, na kila kilo iliyoongezeka ikashangiliwa. Mizani yetu, basi, imetufundisha kwa miaka mingi kwamba kupanda ni uhai na kushuka ni kaburi. Leo mwanamke wa miaka 58 anaambiwa kwamba kwake yeye mambo ni kinyume, na anaelezwa hilo kwa dakika 3.

Dada yangu alipopungua kilo 8, minong'ono ilianza. Wateja wawili wakahamia meza nyingine. Usiku mmoja ndugu yetu mmoja alifika nyumbani kwake, akafunga mlango, akamwambia kwa huruma ya kweli, "Dada, usiogope kupima. Siku hizi dawa zipo." Alipoondoka, dada alilia. Kesho yake alipika wali wa nazi. Katika miezi 3 alirudisha kilo 5, watu wakampongeza kwa kupona, na sukari yake ikapanda kuliko siku ile ya kwanza. Pongezi zile zingemwua.

Nisieleweke vibaya. Siutetei unene. Utafiti wa afya wa nchi yetu wa mwaka 2010 ulionyesha wanawake 22 katika 100 wakiwa na uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ulikuta 28. Wala kupungua si anasa ya Wazungu. Matokeo yaliyotolewa Uingereza mwaka 2017 yalionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani waliowekwa katika mpango mkali wa kupunguza uzito, wakisimamiwa, sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa baada ya mwaka mmoja, bila vidonge vya kisukari. Kwa hiyo lengo la daftari ni jema. Lililopungua ni watu wa kulibeba. Wale wa Uingereza walikuwa na wauguzi. Dada yangu alikuwa na neno "jitahidi".

Lilipungua pia jicho la kuona kilichopo. Ukurasa wa tatu ulimtaka anunue sato kila siku, katika mji ambao minofu ya sangara hupanda ndege kwenda Ulaya na nyumba nyingi hubaki na mapanki. Aliponiambia kuwa njia ile ni ya matajiri, nilimwonyesha kapu lake mwenyewe. Dagaa walikuwa wamejaa hadi ukingoni. Hawakuandikwa popote katika daftari, maana hakuna anayekwenda kwa jirani kumshauri kitu alicho nacho.

Lililomsaidia hatimaye halikuwa njia mpya. Siku ya kikoba, mbele ya wenzake wa soko la Mwaloni, Kirumba, alisimama akasema, "Jamani, nina kisukari. Ninakonda kwa makusudi. Anayetaka kuniuliza aniulize hapa hapa." Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja akasema na yeye anacho, akafuata wa pili, na wa tatu. Tangu siku hiyo chai ya kikoba huchemshwa bila sukari, na anayeitaka hujitilia mwenyewe. Dada hula ugali nusu ya ule wa zamani, kwa dagaa na mchicha mwingi, na jioni hupanda mlima wa kwao kwa miguu, bodaboda zikimpita.

Miaka 2 imepita. Amepungua kilo 9, siyo 15, na sukari yake imeshuka. Yapo majuma ambayo kilo moja hurudi, naye haiiti dhambi. Watu bado humvuta kando. Juzi nilikuwa naye sokoni alipoulizwa tena kwa sauti ile ile ya chini, "Mwenzetu, una nini?" Alijibu kwa sauti ya kuuza dagaa, "Nina kisukari. Na wewe umepima lini?"