Sekunde 302 za Eddington

Jioni ya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kilikatiza Turkana na kuvuka ziwa kuelekea Sibiloi, ng'ambo ya Kataboi. Giza kamili halikutimiza hata sekunde 20. Mvuvi akinasua samaki wavuni, lilikuwa limeshapita.

Arthur Eddington alipata sekunde 302 za giza hilo, kisiwani Príncipe, tarehe 29 Mei 1919. Alikuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Cambridge na muumini wa Marafiki, dhehebu lile lile la Kaimosi. Imani yake ilimkataza kushika bunduki. Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, mwaka 1916, nadharia ya Einstein ilimfikia kupitia kwa Willem de Sitter wa Uholanzi, naye akaisoma mpaka akaimudu.

Einstein alidai kwamba mwanga wa nyota ukipita kando ya jua hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe, na nyota hizo huonekana tu jua likipatwa. Hesabu ya Newton hutoa nusu tu. Kwenye bamba la picha la Eddington, sekunde moja ya pembe ilikuwa sehemu ya 60 ya milimita.

Ufundi wake ndio unaonivuta. Nyota zile zile zilikuwa zimepigwa picha Oxford, usiku, miezi kadhaa kabla, ili pawe na cha kulinganisha. Kisiwani akapiga pia nyota za upande mwingine wa anga, ajue kama darubini yenyewe inadanganya. Asubuhi ya siku yenyewe mvua ikanyesha, mawingu yakagoma kuondoka. Yeye na Edwin Cottingham hawakuacha kazi: mabamba 16, moja baada ya jingine. Kupatwa kwenyewe hakukutazama, ila alitupa jicho mara mbili, kwanza kuhakikisha kumeanza, kisha katikati kukagua mawingu. Mabamba mawili tu ndiyo yaliyofaa, kila moja na nyota tano. Jibu: 1.61.

Wenzake waliokuwa Sobral, Brazili, walipata 1.98 kwa darubini moja. Picha za darubini ya pili zilitoka na ukungu zikawekwa kando, na kwa hilo wapo waliomshuku Eddington kuwa alichagua jibu analolipenda. Naona wanamwonea. Mwaka 1979 mabamba hayo yaliyokataliwa yalipimwa upya Greenwich kwa mashine, yakatoa 1.55, kwa kosa la 0.34 juu au chini: Einstein yumo ndani, Newton yuko nje.