Jembe la Mgeni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema wenyeji. Mchoraji anayesafiri na kisanduku chake cha rangi amejipa jembe tangu siku ya kwanza. Ana kazi ya kufanya mahali pale, na kazi hiyo inamkalisha. Jua halimsubiri: husogea nyuzi 15 kila saa, na kivuli cha mnazi alichokianza saa mbili asubuhi, ikifika saa nne kimefupika na kuhama. Lazima aamue mapema kipi akishike na kipi akiache. Katika uamuzi huo ndimo ninamoiona heshima ya ufundi wa kuchora mandhari. Na ninashikilia kwamba uamuzi huo hufunzwa nyumbani, mezani, mbele ya embe na mtungi, ambako vitu vimetulia na mchoraji hana basi la kuwahi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa Paul Cézanne. Kuanzia mwaka 1902 alifanya kazi katika chumba cha kuchorea alichojijengea kwenye kilima cha Les Lauves, nje kidogo ya Aix-en-Provence, mji wa kwao kusini mwa Ufaransa. Ndani alipanga matofaa, magudulia na vitambaa vilivyokunjamana. Akitoka na kupanda kidogo, mbele yake ulisimama mlima Sainte-Victoire, ambao katika maisha yake aliuchora zaidi ya mara 30 kwa rangi za mafuta, mbali na picha nyingi za rangi za maji. Alichora polepole mno, hata maua yakamnyaukia kabla hajamaliza, akawa anatumia ya karatasi. Ziweke picha za matofaa na za mlima bega kwa bega: tofaa limejengwa kwa vipande vidogo vya rangi, vyenye joto upande wa mwanga, vya baridi pale umbo linapopinda kwenda gizani, na mlima umejengwa vivyo hivyo, kipande juu ya kipande. Ni jicho lile lile, lililojifunza uzito wa kitu kinachotosha kiganjani, kisha likaenda kuutafuta uzito huo kwenye jabali la mita elfu moja. Oktoba 1906, akiwa na miaka 67, mvua kubwa ilimkuta nje akichora, na siku chache baadaye akafariki.

Wapo waliodharau meza. Mwaka 1667 mwandishi wa sanaa wa Ufaransa, André Félibien, aliziweka picha za matunda na maua chini kabisa katika ngazi ya sanaa, na Ulaya ilimfuata kwa vizazi. Picha za mchoraji Chardin, za sufuria ya shaba na vitunguu, zinatosha kumjibu. Siku hizi pingamizi lina sura nyingine: simu hupiga mandhari yote kwa kufumba na kufumbua, sasa kuna haja gani ya kuloweka brashi? Simu ina kazi yake, nami siidharau. Lakini inapokea kila kitu kwa usawa na haimuulizi mwenye nayo swali lolote. Anayechanganya rangi ili apate kijani cha mikoko atagundua kwamba kijani kinachotoka kwenye tyubu ni kikali mno. Kinataka hudhurungi kidogo, na kivulini hata zambarau. Ameujua mkoko kwa namna ambayo kuutazama tu kusingempa.

Pingamizi zito zaidi linamhusu mgeni mwenyewe. Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini, alikuja Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945, akachora watu wa kisiwa kwa rangi zinazowaka. Wahakiki wamemlaumu kwamba aliwageuza watu kuwa mapambo, wengi wakibaki bila jina, na mimi naona wana haki. Hata hivyo sioni kwamba dawa ya kosa hilo ni wachoraji wabaki kwao. Stern aliishi Rosebank, Cape Town, katika nyumba moja tangu 1927 hadi kifo chake mwaka 1966, na huko alichora maua, matunda na vyombo alivyokusanya safarini. Chungu hakibembelezwi. Mdomo wake ukichorwa upogo, umechorwa upogo, na kila mtazamaji ataona. Subira hiyo, ya kukikubali kitu jinsi kilivyo, ndiyo ambayo mgeni anapaswa kuichukua mezani pake na kwenda nayo barazani kwa watu, na aongeze jambo ambalo chungu hakiwezi kumdai: kuuliza jina. Baadhi ya picha zake Stern alizitia fremu za mbao za nakshi zilizotoka kwenye milango ya Zanzibar. Macho ya mtazamaji hukimbilia rangi; mimi hunivuta zile mbao, kwa kuwa kila mlango ulikuwa wa nyumba fulani, na fundi aliyeuchonga naye alikaa siku nyingi akiliangalia ua moja.