Waya, Hesabu na Sifuri ya Katikati

Katika kibanda kimoja cha Kimemi, pale Butembo, mashariki mwa Kongo, yupo mzee ambaye hajibu salamu. Si kiburi. Ana mota mapajani, imepasuliwa tumbo, na midomo inamcheza: arobaini na moja, arobaini na mbili... Anahesabu mizunguko ya waya ulioungua, na hesabu ikikatika hana pa kuishika tena. Nilijua hayo nikiwa nimechelewa, siku nilipompelekea mota ya mashine ya kusaga ya shangazi yangu, nikapiga hodi kwa sauti ya mtu mwenye haraka zake. Alinyamaza, akautazama waya mkononi, akasema, "Mwanangu, umenirudisha kwenye sifuri."

Kazi yake hapa kwetu tunaiita bobinaji, neno tulilolichukua kwenye Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania husema kusuka mota, nami nalipenda zaidi neno lao, maana mikono ya mzee huyu ni mikono ya msusi. Ila mkeka uliokosewa ukili mmoja bado utaukalia. Mota iliyokosewa koili moja itanguruma kidogo, itoe harufu, halafu utarudi nayo kibandani.

Kabla hajakata waya wowote, anasoma. Alifungua mota ya shangazi, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akanionyesha: koili za faze mbili nyeusi kama mkaa, za faze ya tatu nyekundu safi, kana kwamba zimetoka dukani jana. "Hii haikuzeeka," akasema. "Ilipoteza faze moja, watu wakaiacha ikihangaika." Ndivyo inavyokuwa kwa mota iliyofungwa kwa mtindo wa nyota: faze moja ikikatika, mbili zinabeba mzigo wote mpaka ziungue, ile iliyokatika inasalimika. Koili zote zikiwa nyeusi sawasawa, mzigo ulizidi au umeme ulikuwa dhaifu. Pakiwa na doa moja tu jeusi, waya umegusana na mwenzake. Daktari wa maiti angemwonea wivu, kwa kuwa maiti zake mzee huyu huzifufua.

Mota ya faze tatu yenye rota ya kizimba, hiyo hiyo inayosaga mahindi yetu, aliiunda Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mjini Berlin mwaka 1889. Mwaka mmoja nyuma, Galileo Ferraris alikuwa ametangaza kule Turin jinsi nguvu ya sumaku inavyoweza kuzungushwa na umeme peke yake, na Nikola Tesla akapewa hataza zake Marekani. Uzuri wa uvumbuzi wao ni kwamba hakuna waya unaoigusa rota, ile sehemu inayozunguka. Inavutwa na nguvu isiyoonekana, ikiifukuza sumaku inayozunguka bila kuifikia kamwe: sumaku inazunguka mara 1,500 kwa dakika, rota inaambulia 1,450 au karibu na hapo. Ingeifikia, nguvu ingeisha.

Wavumbuzi hao nawapa heshima yao. Lakini wao walianza na karatasi nyeupe. Mzee wa Kimemi anaanza na chuma kilichoungua, kisicho na mchoro, mara nyingi kibati chake cha maelezo kimeng'olewa, na lazima akisie mawazo ya mhandisi aliye mbali asiyemjua. Anahesabu mifereji ya chuma, 24 au 36. Anaandika koili inaingia mfereji gani na kutokea upi. Anaupima unene wa waya baada ya kuupangusa ngozi yake ya vanishi. Ukikosekana waya wa milimita 1, anachukua nyuzi mbili za 0.71 na kuzisuka pamoja. Zidisha mwenyewe uone: shaba inatoka karibu ile ile. Hesabu hiyo hakuiandika popote. Aliniambia tu, "Mbili hizi ni ndugu wa ile moja."

Sasa nije kwenye kisanduku kilichotundikwa ukutani kwake, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Butembo ulikua, ukafanya biashara na Dubai na Guangzhou, ukajenga maghorofa, kwa miongo mingi bila umeme wa taifa. Kila mwenye duka alikuwa na jenereta yake, na mafuta yalipitia mpaka wa Kasindi kutoka Uganda. Umeme wa maji ulipoanza kuingia hapa na pale, kama ule wa Mutwanga upande wa Beni mwaka 2013, watu hawakuzitupa jenereta. Wakajikuta na umeme wa mabwana wawili, na mabwana wawili hawaingii nyumba moja kwa wakati mmoja. Wakikutana, mashine zinapasuka. Au umeme wa jenereta unarudi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda akiamini waya umekufa.

Kwa hiyo swichi ya kugeuza, ndiyo iliyomo kwenye kisanduku kile, ina nafasi tatu: moja, sifuri, mbili. Kwangu mimi akili yote iko kwenye sifuri ya katikati, ambapo hakuna bwana aliyemo. Ile ya kujiendesha yenyewe, anayoiunda mzee kwa kontakta mbili na rilei, ina chuma kidogo kati ya kontakta hizo kinachozuia moja isifunge kabla nyingine haijaachia. Umeme ukikatika, haikurupuki. Inasubiri sekunde kadhaa, labda ni kupepesa tu. Inawasha jenereta na kungoja volti zitulie. Umeme wa mtandao ukirudi, inaupima dakika chache kwanza, kisha ndipo inahama, na jenereta inaachwa ingurume bila mzigo ipoe.

Swichi aliyomfungia shangazi ilitucheka siku ya kwanza. Jenereta ilishika kazi vizuri kabisa, ila mashine ikazunguka kinyumenyume. Mpangilio wa faze za jenereta haukulingana na ule wa mtandao. Shangazi alipiga kelele kwamba tumemrogea mashine. Mzee akabadilisha nafasi za nyaya mbili, akaomba maji ya kunywa.

Mtu atasema hivi ni vitu vidogo. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, chanjo iliyotumika Beni na Butembo ilitakiwa ihifadhiwe kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Friza ya namna hiyo haielewi maelezo kwamba mlinzi alilala, umeme ulipokatika saa nane za usiku. Tangu hapo sijaweza kupita karibu na kontakta inayogonga "tak" gizani bila kuiheshimu.

Mota ya shangazi inasaga mpaka leo. Nawe ukiwa na yako iliyoungua, mpelekee na kibati chake, usikipeleke kwa wauza vyuma. Na ukimkuta ameinama, midomo inacheza, kaa kwenye benchi pale nje. Atakuita.