Kioo Cheusi cha Tanga

"Fundi, kioo cheusi tena."

"Shikamoo mama. Kinakuwa cheusi kabla hujaandika nenosiri, au baada?"

"Marahaba. Baada."

Nikashusha pumzi. Ilikuwa tarehe 18, saa mbili usiku, na ritani za VAT mwisho wake ni tarehe 20. Mama huyu ana ofisi ndogo ya uhasibu Tanga mjini. Usiku ule alikuwa Dar es Salaam kwa mwanawe, na vitabu vya wateja wake vyote vimo ndani ya kompyuta moja ya Ubuntu 22.04 iliyofungiwa ofisini, kufuli nje. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimemwekea xrdp ili akiwa safarini aweze kuingia kwenye kompyuta yake kwa kutumia laptopu ya Windows, aone kioo chake kama vile amekaa kwenye kiti chake.

Neno "baada" ndilo lililonipa ahueni. Mafundi wengi tukisikia kioo cheusi tunakimbilia ruta, tunaizima na kuiwasha, tunamlaumu mtoa huduma wa intaneti. Lakini mtu aliyeandika nenosiri lake kisha akaona giza ameshapita milango minne: njia ya intaneti, ukuta wa moto, xrdp yenyewe, na ukaguzi wa nenosiri. Amekaribishwa ndani, amefika sebuleni, na taa ndiyo haijawashwa. Kuhangaika na ruta saa hiyo ni kumtafuta mbuzi porini naye kafungwa uani.

Nianze na njia, maana nayo ilinisumbua siku ya kwanza. Intaneti ya ofisi ile ni ya ruta ya 4G yenye laini ya simu. Maelekezo mengi ya xrdp hukuambia uingie kwenye ruta, ufungue poti 3389 na kuielekeza kwenye kompyuta. Nilifanya hivyo, nikajaribu kutoka nje, kimya. Nilipotazama anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya simu nikakuta inaanzia 100.72. Hapo mchezo ukaisha. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Wewe na mamia ya wenzako mna geti moja la barabarani, na ufunguo wa geti hilo anao mwenye nyumba, si wewe mpangaji. Ungefungua poti zote za ruta yako, mgeni asingefika mlangoni kwako.

Na hata ningeweza kuifungua, nisingeiacha wazi. Poti 3389 hubishwa mchana na usiku na programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu majina na manenosiri. Mwaka 2019 Windows za zamani zilikutwa na tundu lililopewa jina la BlueKeep, lililomwezesha mtu kuingia kupitia RDP, huduma ya kuona kioo kwa mbali inayotumia poti hiyo, bila hata nenosiri. Tundu lile halikuwa la xrdp, lakini wabishaji hao hawakuulizi wewe ni Linux au Windows. Wanabisha tu.

Dawa ikawa WireGuard, handaki lililosimbwa kati ya kompyuta na kompyuta. Hii imo ndani ya kernali ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na faili lake la mipangilio halizidi mistari kumi na kitu. Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya wazi. Kompyuta ya Tanga inaipigia seva hiyo yenyewe kutoka ndani kwenda nje, na laptopu ya mama inaipigia seva hiyohiyo. Zikishakutana hapo, zinaonana kama ziko chumba kimoja: Tanga ni 10.8.0.2, laptopu ni 10.8.0.3. Usisahau kuandika PersistentKeepalive = 25, kwa sababu mtandao wa simu husahau upesi nani alikuwa akizungumza na nani. Kila sekunde 25 kompyuta inakohoa kidogo ili ijulikane kuwa ipo. Kisha ukuta wa moto ukaamriwa uipokee poti 3389 kutoka kwenye handaki hilo peke yake:

sudo ufw allow in on wg0 to any port 3389 proto tcp

Kwa hiyo mtu akikuambia "haiungi", muulize kwanza anapata jibu la namna gani. Kuna kubisha hodi ukajibiwa "hayupo", na kuna kubisha hodi ukakutana na kimya. Jibu la kukataliwa papo hapo maana yake umeifikia nyumba, ila hakuna anayesikiliza kwenye poti ile. Pengine xrdp imezimika, na sudo systemctl restart xrdp inaweza kutosha. Ukimya wa nusu dakika maana yake ujumbe unamezwa njiani, na sababu ni ukuta wa moto, au kompyuta imelala usingizi, au umeme umekatika. Amri ya nc -zv 10.8.0.2 3389 inatenganisha hali hizo mbili kwa sekunde chache. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia kabla ya kuanza kufuta na kusakinisha upya.

Sasa turudi kwenye giza. Usiku ule niliingia Tanga kwa SSH kupitia handaki lilelile, nikasoma mistari ya mwisho ya /var/log/xrdp-sesman.log. Huyu sesman ndiye mwenyeji. xrdp ni mlinzi wa getini: anapokea nenosiri, anamkabidhi sesman, sesman analihakiki, anawasha Xorg mpya, ile inayochora kioo, kwenye skrini namba 10, kisha anaendesha hati ya /etc/xrdp/startwm.sh ili ifungue mazingira ya kazi. Logi ilinionyesha nenosiri limekubaliwa, Xorg imewaka, halafu mstari mmoja wa kulalamika kwamba kidhibiti cha madirisha kimeondoka haraka mno, baada ya sekunde 0. Mwenyeji kafungua chumba, mgeni kaingia, katoka kabla ya kukaa.

Nikaandika who. Nikamkuta mama yuko Tanga.

Yaani jina lake lilikuwa bado limeingia kwenye tty2, pale ofisini, tangu Ijumaa. Alipoondoka alikuwa amefunga skrini tu, kwa ile alama ya kufuli, hakutoka. Hiki ndicho kiini cha matatizo mengi ya xrdp kwenye Ubuntu za sasa. Mazingira ya GNOME yanategemea basi moja la mawasiliano, D-Bus, ambalo systemd huligawa moja kwa kila mtumiaji, si moja kwa kila kipindi. Mtu akiwa ameingia ofisini kisha akaingia tena kwa mbali kwa jina lilelile, GNOME ya pili inakuta kiti kimekaliwa na nafsi yake, inajiondokea. Kwenye laptopu ya Windows unaona giza, halafu dirisha linajifunga.

Hapa nina jambo la kuungama. Mara ya kwanza tatizo hili lilipotokea, wiki kadhaa kabla, nilifuta xrdp na kuisakinisha upya kwa mbali, kisha nikamwomba kijana wa ofisini aizime kompyuta na kuiwasha. Ikafanya kazi. Nikajipongeza, nikatuma ankara. Kumbe kilichoponya ni ule uzimaji, maana kompyuta ikizimwa kila aliyekuwa ameingia anatolewa. Usakinishaji wangu haukuwa umegusa chochote. Pesa ile nilikuja kuikata kwenye kazi iliyofuata, bila kueleza sana.

"Mama, Ijumaa uliacha kitu chochote wazi?"

"Nilihifadhi Excel zote, nikafunga. Niliacha kioo tu."

Anachokiita Excel ni LibreOffice, lakini si wakati wa kusahihishana. Nikapekua folda ya kazi kutafuta mafaili yaliyofichika yanayoanza na .~lock, ambayo LibreOffice huyaweka kando ya kila faili lililo wazi. Hapakuwa na hata moja. Nikatazama namba ya kipindi kwa loginctl, nikakifunga kwa loginctl terminate-session. Mama akajaribu tena. "Haya, nimeona picha ya bahari," akasema, maana hiyo ndiyo picha aliyoiweka nyuma ya kioo chake.

Ukiuliza mafundi wenzangu watakupa dawa nyingine, maarufu sana: ongeza mistari miwili kwenye startwm.sh, juu kabisa kabla hati haijaita Xsession.

unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
unset XDG_RUNTIME_DIR

Mistari hii inakisahaulisha kipindi kipya kwamba kuna basi la zamani, hivyo kinatafuta lake. Niliijaribu Jumatatu yake. Ni kweli, kioo kilifunguka hata mama akiwa ameingia ofisini. Lakini Firefox ikagoma. Kwenye Ubuntu 22.04 Firefox huja kama kifurushi cha snap, na snap hutaka kuzungumza na systemd ya mtumiaji kupitia lile basi tulilolisahaulisha. Ikilikosa inakataa kuwaka. Na ritani ya VAT huwasilishwa mtandaoni, kwa kutumia kivinjari. Nilikuwa nimempa mteja kioo chenye kila kitu isipokuwa kile alichokifuata. Nikaifuta ile mistari miwili. Kwa maoni yangu imewapoteza watu wengi zaidi kuliko iliowasaidia, kwa sababu inatibu dalili inayoonekana na kuzaa nyingine ambayo hakuna atakayeihusisha nayo wiki tatu baadaye.

Kilichobaki pale hadi leo ni Xfce kwa kuingia kwa mbali, na karatasi ya A4 iliyobandikwa chini ya kioo: TOKA, USIFUNGE TU. Xfce inawekwa kwa sudo apt install xfce4, kisha unaandika neno moja, xfce4-session, ndani ya faili la .xsession la mtumiaji. Ni nyepesi, na haina madoido mengi yanayokula mtandao. Hesabu mwenyewe: kioo cha 1920 kwa 1080 chenye rangi za biti 32 ni baiti milioni 8.3 kwa picha moja kabla ya kubanwa. Ukishusha rangi hadi biti 16 umeondoa nusu, na hakuna mhasibu atakayelalamika kwamba kijani cha jedwali kimefifia.

Nimeulizwa pia kwa nini situmii huduma ya GNOME yenyewe, ile ya kushiriki kioo iliyopata RDP kwenye GNOME 42 na kuja na Ubuntu 22.04. Kwa sababu inataka mtu awe ameshaingia. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inajiwasha na kusimama kwenye ukurasa wa kuingilia, na hakuna mtu ofisini wa kuandika nenosiri. Ukiiwekea iingie yenyewe, kibeti cha manenosiri kinabaki kimefungwa, na nenosiri la kushiriki kioo limo humo ndani. Ubuntu 24.04, yenye GNOME 46, imeondoa kikwazo hicho kwa kuruhusu kuingia kwa mbali moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa wa kuingilia. Anayeanza upya leo na kompyuta mpya, aanzie hapo. Zaidi, Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025 imeondoa kabisa kipindi cha GNOME cha Xorg na kubaki na Wayland, wakati xrdp imejengwa juu ya Xorg. X, mfumo ambao Xorg inatokana nao, ilizaliwa MIT mwaka 1984 ikiwa na mtandao damuni: programu iko huku, kioo kiko kule. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, iliacha kazi hiyo ifanywe na wengine. Ndiyo maana maelekezo ya miaka kumi iliyopita hukupa giza leo, na si kosa lako.

Kuna mambo madogo mawili. Ukiingia ukaulizwa nenosiri la msimamizi kwa ajili ya kifaa cha rangi, hiyo ni polkit, inaudhi lakini haidhuru. Bonyeza kughairi uendelee. Na logi ya xrdp ikisema imenyimwa ruhusa ya kusoma key.pem, mwingize xrdp kwenye kundi la ssl-cert kwa sudo adduser xrdp ssl-cert, kisha iwashe upya.

Seva yangu ya katikati, ile ya WireGuard, mwanzoni ilikuwa Ulaya kwa sababu ilikuwa rahisi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mama na kompyuta yake, wote wakiwa Tanzania, wakashindwa kuonana, maana walikuwa wakikutania ng'ambo. Mwezi uliofuata niliihamishia seva Dar es Salaam. Ni ghali kidogo, na kipanya sasa kinafuata mkono.

Ukikwama, usinitumie picha ya kioo cheusi, vyote vinafanana. Nitumie mistari 20 ya mwisho ya /var/log/xrdp-sesman.log, pamoja na jibu la who.